Bibi Aliyeupa Uwanja Mgongo

Bi mkubwa alimwona mwanawe kwenye televisheni ya mama mwenye nyumba, akapiga ukelele uliomfanya jirani wa chumba cha pili akimbilie jikoni kuangalia kama kuna kitu kinaungua.

"Huyo! Huyo hapo! Kitinda wangu!"

Alikuwa ameshainuka, ameshafika mbele ya kioo na kukigusa kwa viganja vyote viwili. Mama mwenye nyumba, mjane aliyeipenda televisheni yake kuliko alivyompenda marehemu, na hakulificha jambo hilo, alimshika kiunoni akamrudisha nyuma.

"Taratibu, bi mkubwa, utaniangushia kioo! Kitinda ndiye nani?"

"Mwanangu wa mwisho. Kitinda mimba wangu. Hebu irudishe nimwone tena."

"Hii ni mechi, si kanda ya harusi. Hairudishwi."

Basi wakakaa kuitazama mpaka mwisho. Waliorusha mechi waliirudia ile penalti kutoka upande huu na upande ule, lakini yule kijana hawakumrudia hata mara moja. Alikuwa ameonekana kwa muda wa mtu kupiga chafya: amekaa chini ya saa kubwa ya uwanja, watu wote waliomzunguka wamesimama wanatazama mpira, yeye ameuma kola ya fulana yake na kuziba masikio kwa vidole.

Ni hiyo kola na hivyo vidole vilivyomwinua bi mkubwa kitini. Kitinda alikuwa hivyo tangu hajaota meno ya mbele. Radi ikipiga, kola mdomoni, vidole masikioni. Akipelekwa kuchomwa sindano, vivyo hivyo. Na alipokuwa kijana wa kunyoa ndevu, kwenye kiwanja cha nyumbani kwao, ikitolewa penalti alikuwa akifanya hivyo hivyo huku wenzake wakimcheka, halafu anauliza, "Imeingia?"

"Nimemwona," bi mkubwa aliendelea kusema alipokuwa akitoka, akimshika mama mwenye nyumba mkono kwa shukrani, utadhani ndiye aliyemleta. "Mungu amenionyesha. Nimemwona."

*

Mwanawe mkubwa alirudi kutoka kazini jioni na madoa ya rangi nyeupe kwenye nyusi. Alikuwa mpaka rangi, na ndivyo mtaa ulivyomwita, Mpaka Rangi, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kujifunza jina la mtu wa kuja. Alimkuta mama yake amesimama mlangoni, amevaa viatu vya kutokea.

"Ndugu yako yuko hapa mjini," mama alisema, hata salamu hakuitikia. "Uwanjani. Nimemwona kwa macho yangu."

"Mama, una jicho moja."

"Hilo moja ndilo limemwona. Mashambani ametoka lini? Na kwa nini hajaja kunisalimia? Mmegombana?"

Mpaka Rangi aliweka chini ndoo yake ya brashi. Aliiweka polepole sana, kwa kuwa wakati ule wa kuinama ndio pekee aliokuwa nao wa kufikiri.

Tusizungushane. Kitinda alikuwa amekufa. Alikufa wakati ndugu hao wawili walipokuwa wakija nchi hii, chini ya turubai la lori, kwa homa na kiu, na kaka yake ndiye aliyemchimbia shimo kando ya njia kwa sahani ya bati, dereva akipiga honi ya kumharakisha. Waliolijua jambo hilo walikuwa wawili tu, Mpaka Rangi na mkewe. Bi mkubwa alikuwa ameambiwa kwamba Kitinda amepata kazi mbali, kwenye mashamba ambako simu haishiki. Ulikuwa uongo wa siku moja, wa kununua muda mpaka kaka mtu apate nguvu ya kusema. Nguvu haikuja. Uongo ukaanza kukua wenyewe: Kitinda amepandishwa mshahara, Kitinda amenenepa, Kitinda anakusalimu. Halafu jicho la bi mkubwa likaota mtoto wa jicho, ikabidi aletwe ugenini atibiwe, na hivyo huo uongo uliokuwa mbali ukahamia chumbani, ukawa unakula nao sahani moja.

Na lililomziba mdomo ni hili: mama hakutaka Kitinda asafiri. Alisema waziwazi, "Nenda wewe, huyu niachie." Ni Mpaka Rangi aliyembembeleza mama usiku na mchana hadi akakubali.

"Watu hufanana, mama," alisema sasa.

"Sura hufanana. Woga haufanani."

"Ule uwanja unaingiza watu maelfu na maelfu. Hata akiwa ni yeye, utamwonea wapi?"

Bi mkubwa alimtazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza chumvi inakaa wapi. "Mahali pake. Pale chini ya saa."

Kwao kiwanja hakikuwa na viti wala tiketi. Kilikuwa na mstari wa chokaa, na kila ukoo ulikuwa na mahali pake pa kusimama tangu enzi za mababu. Ungeweza kuitisha mtu kwa kusema, "Nenda pale kwa kina fulani, kwenye kona," na ukamkuta. Kumkuta mtu kwenye mahali pa wenzake ilikuwa aibu, sawa na kumkuta kitandani kwao. Bi mkubwa hakuweza kuwaza uwanja wa namna nyingine. Mtu akionekana chini ya saa leo, na wiki ijayo atakuwa chini ya saa.

Mpaka Rangi alifungua mdomo aseme. Tayari neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Akamwona mama yake alivyopiga viatu kiwi, vile viatu vya kutokea, na kamba zake alivyozifunga mara mbili.

"Nitakupeleka," akasema.

*

"Umesema nini?" mkewe aliuliza.

Walikuwa uani, kwenye kamba ya nguo. Mke alikuwa akifua shuka za nyumba ya wageni, na mahali pekee walipoweza kusema bila bi mkubwa kusikia ni katikati ya shuka hizo zilizoanikwa, maana chumba chao kiligawanywa kwa pazia, na pazia halizuii sauti.

"Nimesema nitampeleka. Tutakwenda, hatutamwona mtu, tutarudi. Ataona mwenyewe kwamba alikosea."

"Na wiki inayofuata? Atasema, leo alichelewa. Atasema, leo aliumwa. Utampeleka kila mechi mpaka wewe mwenyewe uzeeke?"

"Unataka nifanye nini?"

"Unajua ninachotaka. Mwambie."

"Nimwambie leo? Leo amefurahi namna ile?"

"Jana hakuwa amefurahi na hukumwambia." Mke alikamua shuka mpaka vifundo vya mikono vikawa vyeupe. "Mume wangu, mimi nakaa naye mchana kutwa. Ananisimulia Kitinda alivyokuwa akipenda ukoko wa chakula kilichoungua. Ananiuliza kama nina mdogo wangu ambaye hajaolewa. Nimechoka kucheka na yule mama. Nikicheka naye najiona mchawi."

"Akijua atanichukia."

"Ana haki."

"Basi unadhani nitaishi vipi?"

Mke alitikisa shuka nyingine, ikampiga mumewe usoni kwa maji, na hakumwomba radhi.

*

Tiketi za chini ya saa hazipatikani kirahisi. Lile jukwaa lina wenyewe. Mpaka Rangi alisikia kwamba shemeji wa msimamizi wao wa kazi yuko mlangoni mwa uwanja, kwa hiyo wakati wa mapumziko, mafundi wakiwa wamekaa juu ya madebe matupu, akamfuata msimamizi na kofia mkononi.

"Chini ya saa?" msimamizi aliuliza kwa sauti ya kuwafaidisha wote. "Jamani, mmesikia? Mimi nilizaliwa mji huu na sijawahi kukaa chini ya saa. Huyu juzi tu kashuka kwenye lori, anataka chini ya saa. Kesho atataka na kuvaa jezi acheze!"

Mafundi wakacheka. Mmoja akauliza anacheza namba ngapi. Mpaka Rangi naye akacheka kidogo, kwa kuwa mtu anayeomba hawezi kununa.

"Si kwa ajili yangu, bosi. Ni mama yangu. Ni mgonjwa wa jicho."

"Mgonjwa wa jicho anakwenda kutazama mpira!" Hapo wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Mwisho wakaelewana. Mpaka Rangi angempakia msimamizi rangi ukuta wa nyumba yake, ndani na nje, siku yake ya kupumzika, bila malipo. Akaupiga msasa, akaziba nyufa, akapaka mkono wa kwanza, ukakauka, akapaka wa pili. Jua lilipoanza kushuka msimamizi akatoka na mswaki mdomoni, akautazama ukuta, akasema rangi ile ilipokuwa kwenye kopo ilikuwa nzuri zaidi. Akaleta kopo jingine. Mpaka Rangi akapanda tena ngazi, akaanza upya kwenye kona ya kwanza. Hapo juu ya ngazi alijisikia vizuri kuliko siku nyingi, na ni jambo la ajabu kulisema: ilikuwa kazi ya kutumwa, ya kunyanyaswa, lakini ikimalizika ungeiona kwamba imemalizika.

*

Siku ya mechi bi mkubwa aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akapika. Alijaza bakuli la mfuniko, akalifunga kwa kitambaa safi, mafundo manne.

"Mama, unabeba chakula kwenda mpirani?" Mpaka Rangi aliuliza.

"Nikutane na mwanangu baada ya miaka, nina mikono mitupu?"

Mke alisimama mlangoni kuwaaga. Alimsubiri mama mkwe atangulie hatua kadhaa, kisha akamwambia mumewe kwa sauti ya chini: "Usinirudie na uongo mwingine. Hapa hapana pa kuuweka."

Mlangoni pa uwanja kulikuwa na watu wengi kuliko bi mkubwa alivyowahi kuona mahali pamoja. Wamejipaka rangi nyusoni, wanapuliza vuvuzela, wanasukumana kwa furaha. Alimshika mwanawe mkanda wa suruali asipotee. Mlinzi aliyewakagua alikuwa kijana aliyechoka, akamnyooshea kidole bi mkubwa.

"Mama, hicho ni nini?"

"Chakula cha mwanangu."

"Huyu?"

"Hapana. Aliye ndani."

"Chakula hakiingii. Hata maji hayaingii. Weka pale." Akamwonyesha pipa.

"Hebu onja mwenyewe uone kama kuna ubaya ndani," bi mkubwa alisema, ameshaanza kufungua fundo. Nyuma watu wakaanza kuguna. Mtu akapaza sauti, "Bibi, tupishe, mpira unaanza!" Mwingine akaiga lafudhi yake, na wenzake wakafurahi.

"Fanya haraka, mama," mlinzi akasema, si kwa ukali. "Nikikuruhusu wewe nitafukuzwa mimi."

Mpaka Rangi alilichukua bakuli mikononi mwa mama yake. Alilitia kwenye pipa pamoja na kitambaa chake, juu ya chupa na maganda, na alilitia kwa upole, kwa kuwa alijua linakwenda kwa nani. Bi mkubwa aliingia akiwa amekunja mikono tumboni, mahali bakuli lilipokuwa.

*

Kwanza alishangaa ukimya. Si kwamba watu walinyamaza, la. Walipiga kelele ya kuumiza kichwa. Lakini hakuna aliyeeleza kinachotokea. Kwa mama mwenye nyumba kulikuwa na mtangazaji anayetaja mpira unakwenda kwa nani; hapa ilibidi mtu ajionee. Mchezaji akaanguka karibu kabisa na upande wao, watu wakaruka, na bi mkubwa akasubiri.

"Hawarudii?" akauliza.

"Hapa hawarudii, mama. Ukikosa umekosa."

Akalifikiri hilo kidogo. Kisha akasimama, akageuka, akaupa uwanja mgongo, akaanza kazi aliyoijia.

Alianza mstari wa nyuma yao, uso baada ya uso, kutoka kushoto, namna mtu anavyochambua mchele. Kila uso aliupa haki yake. Akimaliza mstari anapanda wa juu. Saa kubwa ilikuwa palepale juu ya vichwa, na chini yake watu waliojaa, na wote hao walitazama upande mmoja isipokuwa bibi mmoja.

"Kaa chini, bibi, unatuziba!"

"Bibi, mpira uko huku nyuma yako!"

"Kaniangalia mpaka naona haya," mtu mmoja mnene alisema. "Bibi, mimi nimeshaoa!"

Walicheka, na wakamzoea. Uwanjani watu huzoea kila kitu upesi. Jicho zima la bi mkubwa lilikuwa linatiririka machozi kwa kukazwa, akawa analifuta kwa ncha ya mtandio na kuendelea.

Naye Mpaka Rangi? Mwanzoni alikaa ameinama, akingoja tu mama achoke. Akitazama viatu vyake. Lakini alikuwa mtu aliyeupenda mpira tangu utoto, na tangu aje nchi hii alikuwa hajakanyaga uwanjani. Mechi alizisikia kwenye redio za nyumba anazozipaka. Nyasi zile zilikuwa za kijani kuliko alivyodhani. Mpira ukipigwa, sauti yake ilimfikia baada ya kuuona ukiondoka. Timu ya mji ilikuwa nyuma kwa goli moja, na kuna winga mmoja, mfupi, mwenye miguu ya matege, aliyekuwa akimpita beki wake kila mara na kila mara anakosa wa kumpa pasi. Mpaka Rangi aliinua kichwa. Akasogea ukingoni mwa kiti. Akaanza kumwelekeza yule winga kwa mkono.

Winga akapita, akamimina krosi, mtu akaruka na kuipiga kwa kichwa, wavu ukatikisika. Uwanja ukalipuka. Mpaka Rangi alijikuta hewani. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, akamkumbatia yule mtu mnene, wakarukaruka wameshikana wakipiga kelele kwa pamoja, na usoni mwake kulikuwa na furaha kamili, ile ambayo mkewe hajawahi kuiona. Simlaumu. Kwa dakika hiyo hakuwa na ndugu hai wala mfu. Alikuwa na goli.

Alipokaa, akihema, alimkuta mama yake anamtazama yeye.

Alimtazama kwa muda, kama alivyowatazama wale wengine, uso wote, bila haraka. Halafu akaurudisha uso wake kwa watu, akaendelea na mstari aliokuwa ameufikia.

*

Kipindi cha pili timu ya mji ikafungwa tena, goli ambalo jukwaa zima liliapa lilikuwa la kuotea. Refa akatukanwa pamoja na ukoo wake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya saa, na bi mkubwa alikuwa amefika mistari ya juu, ambako nyuso zilikuwa zimeingia kivulini. Mpaka Rangi alianza kupumua. Zimebaki dakika chache, alijiambia, tumemaliza salama, hakuna mtu.

Ndipo filimbi ikapulizwa, na watu wote wakainuka kwa pamoja.

"Kuna nini?" bi mkubwa aliuliza.

"Penalti," mtu mnene akamjibu. "Yetu, bibi. Muombe Mungu wako."

Bi mkubwa hakugeuka. Alikazana kutazama juu. Na pale, karibu kabisa na saa, katikati ya watu waliosimama, kulikuwa na kijana mmoja aliyekaa. Ameuma kola ya fulana. Ameziba masikio kwa vidole.

Yule kijana alikuwa mtu wa tiketi za msimu mzima, kiti chake kile kile mechi baada ya mechi. Bi mkubwa hakukosea hata kidogo kuhusu mahali.

Alipanda. Miguu ile iliyohitaji kushikwa mkono kushuka kitandani ilipanda ngazi za zege moja baada ya nyingine, na Mpaka Rangi nyuma yake akisema, "Mama, ngoja, mama, subiri," bila kuthubutu kumshika. Watu waliwapisha bila kuwatazama; wote walikuwa wanamtazama mpigaji. Alipofika alipiga magoti kwenye ngazi, kando ya kiti, akamshika kijana kifundo cha mkono, akakiondoa kidole sikioni.

"Imeingia?" kijana aliuliza, amefumba macho.

Uwanja mzima ukaguna kwa uchungu. Haikuingia.

Kijana akafumbua macho, akaona uso wa mwanamke mzee umekaribia wake kwa shibiri. Alikuwa na pua pana na kovu kwenye nyusi, na masikio madogo. Alikuwa mtoto mzuri wa mtu mwingine kabisa.

"Shikamoo, bibi. Umepotea?"

"Marahaba." Bi mkubwa alimwachia mkono. Aliugusa tena kidogo, akaulaza juu ya goti la kijana mwenyewe. "Samahani, mwanangu. Nimekufananisha."

"Hamna neno, bibi."

Akakaa hapohapo kwenye ngazi. Mpaka Rangi akachuchumaa ngazi moja chini yake, uso wake ukawa usawa wa magoti ya mama.

"Nilikuambia watu hufanana, mama. Jicho lako bado halijapona. Twende nyumbani. Tutamtafuta siku nyingine."

"Mimi nimetafuta," bi mkubwa alisema. "Tangu tumeingia nimetafuta. Wewe umemtafuta wapi?"

"Mama?"

"Nimekutazama. Kila nikigeuka unatazama mpira. Hukugeuza shingo hata mara moja. Hata nilipopanda huku, hukumtazama huyu kijana, ulikuwa unanitazama mimi." Hakuwa na hasira; aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa njia. "Wewe ulijua hayupo. Ulijua kabla hatujatoka nyumbani. Ulijuaje?"

Hapo angeweza bado kusema lolote. Uongo alikuwa nao mwingi, amezoea kuutengeneza. Akautafuta, asiupate.

"Amekufa, mama," alisema, kwa sauti ileile ya kunong'ona aliyozoea kuitumia na mkewe nyuma ya shuka.

Bi mkubwa akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikii."

"Kitinda amekufa."

"Sema kwa sauti, baba. Watu wanapiga kelele."

Basi akapaza sauti. "Kitinda amekufa, mama! Alikufa njiani! Nilimzika mimi!"

Watu wa mistari miwili waligeuka. Yule kijana wa kola alisimama, akakaa, akavua kofia.

"Njiani," bi mkubwa akasema.

"Kabla hatujafika, mama. Alikuwa na homa. Dereva hakukubali kusimama tumtafutie maji. Nilimwomba, nikampigia magoti, hakukubali."

"Na ule mshahara? Na kunenepa?"

"Niliyatunga."

Bi mkubwa alitikisa kichwa taratibu, akiyapokea maneno moja moja. "Mimi namwombea mke mwema," akasema. "Kila siku, baba, nikiamka. Namwombea mke mwema na bosi asiye na hasira. Umeniacha miaka yote hii namwombea maiti bosi asiye na hasira. Ya kumwombea marehemu, nani amemwombea?"

Mpaka Rangi aliinamisha kichwa kwenye magoti yake. Bi mkubwa hakumsukuma wala hakumpapasa. Mikono yake ilikuwa imebaki wazi juu ya mapaja.

Msimamizi wa jukwaa mwenye koti la njano akapita. "Mama, kwenye ngazi hakukaliwi. Rudini kwenye viti vyenu."

Filimbi ya mwisho ikapulizwa. Watu wakazomea, wakapuliza vuvuzela, wakarusha chupa, na katikati ya kelele hizo bi mkubwa alifungua mdomo akalia kilio cha msibani, kile chenyewe, cha kuita jina. Alilia kwa nguvu zake zote na hakuna aliyegeuka, kwa kuwa kila mtu alikuwa analia chake. Jukwaa likaanza kumwagika kuelekea milangoni. Watu waliwaruka hapo kwenye ngazi, mama na mwana, wengine wakiomba njia.

Yule mtu mnene, skafu ya timu shingoni na macho mekundu, alipofika kwao alisimama. Aliguswa. Alikuwa hajapata kuona mtu akililia timu namna ile.

"Pole, bibi," akasema, akampa mkono. "Pole sana. Usijiumize hivyo."

Bi mkubwa aliupokea ule mkono kwa mikono miwili. Ilikuwa pole ya kwanza kupewa.

"Asante, baba," alisema. "Ni kazi ya Mungu."

"Mungu wapi, bibi," mtu mnene akajibu, akifuta pua kwa skafu. "Kazi ya yule refa." Akateremka ngazi akaenda zake.